Betri ya Mraba Niliyoitia Kwenye Treni ya Bi Raya

Jumatano, mwezi wa Mfunguo Pili, Mtambile. Mvua ilianza alfajiri, ikakata saa nne, na sasa baada ya alasiri imerudi, inapiga bati la karakana kama mtu anamimina mbaazi. Umeme upo. Nalitaja hilo kwa sababu mvua ya namna hii kwa kawaida huondoka nao.

Mnaopita humu mnanijua kwa habari za redio, taa za sola na spika zilizopasuka. Leo sina somo. Nina jambo langu, na nimeona kuliandika ni kheri kuliko kuendelea kulibeba.

Nilisema uongo. Ulikaa miaka sita.

Juu ya rafu yangu, nyuma ya mafeni mabovu, kulikuwa na boksi, na ndani yake kichwa cha treni. Si cha kubeba watu. Pemba hatuna reli hata urefu wa mkono. Ni cha kuchezea, lakini msifikiri ni zile plastiki za sikukuu. Ni chuma kitupu, cheusi, kirefu kama kutoka kiwiko changu mpaka ncha ya vidole, kizito kama tofali. Magurudumu yake yameungwa kwa vyuma vyembamba vinavyokwenda mbele na nyuma kama miguu ya panzi.

Kilikuwa cha Mzee Shaame, Mungu amrehemu, mume wa Bi Raya wa hapa hapa Mtambile. Alikuwa baharia wa meli za mizigo. Alikipata mtumba kwenye bandari moja ya Marekani, pamoja na reli zake za kuunga, transfoma yake, na kisanduku cha kushushia umeme, maana vitu vya huko vinakula umeme mdogo kuliko huu wetu.

Kila sikukuu Mzee Shaame alikuwa akitoa viti barazani, akitandika mkeka na kuunga reli juu yake duara moja kubwa. Watoto wa nusu ya Mtambile walijipanga ukutani. Na mimi nilikuwa nakwenda, mtu mzima na ndevu zangu, nikijifanya nimekuja kutoa mkono wa idi.

Nilikuwa nafuata honi.

Honi yake haikuwa ile pii ya kitoto. Ilianza chini, ikapanda, ikakaa juu kidogo, halafu ikafifia taratibu, kama mtu anayekuita huku anakwenda mbali. Mzee Shaame akiibonyeza alikuwa akisema, "Hiyo inamwita shemegi yangu Kengeja." Shemegi mwenyewe ni Hamadi, mdogo wake Bi Raya, mkulima wa muhogo huko Kengeja, na mara nyingi alikuwa amekaa pale pale anacheka.

Mzee Shaame alipofariki, sikukuu iliyofuata Hamadi aliomba treni akawaonyeshe watoto wake. Ikakaa Kengeja siku tatu. Iliporudi ilikuwa inakwenda vizuri, ila honi imekuwa ya kukwaruza, na ukikata umeme inanyamaza ghafla, tofauti na ilivyozoea. Bi Raya akamwambia nduguye, "Mpelekee Fundi Kombo." Hamadi akaniletea mwenyewe, kaifunga kwa kanga ya dada yake.

Wakati huo karakana yangu ilikuwa changa. Nilikuwa nimeishia fomu two, ufundi nimeokota kwa watu na kwa kuunguza vidole, na ndiyo kwanza nimeanza kuitwa fundi na watu walionizidi umri. Jina lile lilikuwa tamu. Naomba mlikumbuke hilo, maana ndipo palipoanzia.

Nikafungua. Ndani nikakuta betri ya mraba, yenye vifungo viwili juu, umbo lile lile la betri ya mita yangu ya kupimia umeme. Nikaipima, imekufa. Nikasema, kazi yenyewe ndiyo hii? Nikatoa betri mpya kwenye droo, nikaitia, nikaweka treni kwenye reli.

Honi ikalia kama zamani.

Nikajiona bingwa. Sikumwita Bi Raya siku ile. Niliiacha treni juu ya meza inazunguka, kila mteja akija nampigia honi. Siku mbili nzima. Siku ya tatu narudi kutoka kuswali adhuhuri, nakuta harufu. Betri imevimba, imepasuka, maji yake yamemwagikia bodi. Treni imesimama na haisemi kitu.

Nilijua nimeharibu. Sikujua nimeharibu vipi.

Bi Raya akaja jioni ile ile. Nilikuwa sijapata hata muda wa kupanga la kusema, na uongo ukatoka wenyewe, umeshavaa nguo.

"Bi Raya, hino imechomekwa ukutani moja kwa moja, bila kile kisanduku cha kushushia. Imeungua. Kule kukwaruza kwa honi ndiyo ilikuwa imeanza."

"Nani kaichomeka?"

"Mie nitajuaje? Ilikuwa kwa nani?"

Akafikiri. "Ilikuwa kwa Hamadi siku tatu."

Nikasema, "Basi."

Sikumtaja Hamadi. Hilo nimejipa moyo nalo miaka yote sita, kwamba jina la mtu halikutoka kinywani mwangu. Nilisema basi tu. Lakini fundi akisema basi, mtu anamaliza mwenyewe. Na ubaya zaidi, fundi yeyote angejua ni uongo. Treni ingechomekwa ukutani bila kisanduku, ingeungua transfoma kwanza. Transfoma ilikuwa nzima, ipo pale pale mezani, ina joto kabisa. Niliegemea kwenye kutojua kwao.

Nikamwambia aniachie, labda nitapata spea. Akaniachia.

Hamadi aliapa. Bi Raya hakumwamini, kwa sababu fundi kasema. Harusi ya binti wa Hamadi, shangazi mtu hakwenda. Hamadi alipolazwa kwa malaria, dada yake alituma uji kwa mkono wa jirani. Yote nilikuwa nayasikia hapa hapa, maana watu wakisubiri redio zao wanazungumza. Mimi nainama, nalehemu waya ambao hauhitaji kulehemiwa.

Sasa Jumamosi iliyopita Bi Raya kaja. Nilijua anakwenda Hija mwaka huu, mwanawe kamshughulikia, na Ijumaa hii anavuka Unguja kuungana na wenzake. Na mwenye kwenda Hija, kwetu, haondoki hivi hivi. Anapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi.

"Hodi, Fundi."

"Karibu, Bi Raya. Shikamoo."

"Marahaba." Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akaupanga mwavuli miguuni. "Nimekuja unisamehe. Nimekusema, Kombo."

"Umenisema nini?"

"Nilisema mbele za watu, tena kwenye harusi ya jirani, kuwa kitu kikiingia kwako ni kama kimeingia kaburini."

"Mbona hilo kweli, Bi Raya?"

"Kweli ndiyo kusengenya kwenyewe. Ingekuwa uongo lingekuwa kosa jengine." Akacheka, na mimi nikacheka, nikamwambia nimemsamehe duniani na akhera.

Halafu akasema, akiitazama mvua nje, "Jumatano nnakwenda Kengeja kwa Hamadi. Mie nshamsamehe. Treni ni chuma tu. Ntamwambia nimemsamehe, akubali kosa asikubali, shauri lake."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nilikuwa nimeshika bisibisi. Nikaendelea kuishika. Bi Raya akaniaga, akafungua mwavuli, akaenda zake.

Alikuwa anakwenda kumsamehe mtu kosa langu.

Nilipomaliza kuhesabu hatua zake mpaka kona ya duka la mchele, nikapanda juu ya kigoda kile kile na kushusha boksi.

Niseme ukweli mwengine, maana leo ni siku yake. Sikulishusha kwa toba. Mwanzo nililishusha kwa hila. Niliwaza hivi: nitaitengeneza, nitamrudishia kabla ya Jumatano, nitasema spea imepatikana, furaha itafunika kila kitu. Lakini nilipoondoa kifuniko na kuona bodi ile imeota ukoko mweupe na kijani, swali likaniingia ambalo miaka sita iliyopita halikunijia, kwa kiburi.

Treni inakunywa umeme kutoka kwenye reli. Betri ya nini?

Fikirini na nyinyi. Feni ya ukutani haina betri. Pasi haina. Kitu kinachopata umeme muda wote kinapotembea, kwa nini wakitilie betri tumboni? Swali hili lilinikamata nikasahau hata hila yangu.

Jumapili baada ya sala ya asubuhi nikaanza kusafisha. Ukoko wa betri unatoka kwa maji ya ndimu na mswaki wa zamani, halafu unafuta kwa spiriti. Nilikamua ndimu nne. Chini ya ukoko, njia tatu za shaba zilikuwa zimeliwa kabisa. Nikaziunga kwa nyuzi nyembamba za waya wa hedifoni.

Ndipo nikaikuta ile betri ya kwanza, ya asili, niliyoitoa mwaka ule. Ilikuwa imejibanza kwenye pembe ya boksi. Nikaifuta vumbi kwa kidole gumba. Imeandikwa 8.4.

Nikaangalia betri ya mita yangu. Imeandikwa 9.

Umbo moja. Vifungo vile vile. Nani anatengeneza betri ya nane na nukta nne, na kwa nini asimalizie tu? Nikachukua karatasi. Jiwe la kawaida la redio lina volti moja na nusu, na ukiyapanga sita unapata tisa. Hiyo ni betri ya mita. Sasa jiwe la kuchaji, kama haya yaliyomo kwenye taa za sola ambazo mnaniletea kila wiki, lina volti moja na pointi mbili. Ukiyapanga saba?

Nane na nukta nne.

Nikakaa chini sakafuni. Mezani palikuwa hapatoshi.

Ile haikuwa betri ya kutumia na kutupa. Ilikuwa ya kuchaji. Nikawasha transfoma, nikaweka treni kwenye reli bila betri yoyote, nikagusisha mita pale betri inapokaa. Ikasoma kumi na kitu. Umeme ulikuwa unatoka kwenye reli, unapita kwenye treni, unakwenda kuingia kwenye betri. Kila treni inapotembea, inailisha betri yake. Na mimi nilitia betri isiyolishika, nikaiacha siku mbili inalishwa ili wateja wasikie honi. Ni sawa na kumshika mtu aliyeshiba ukaendelea kumtia wali mdomoni. Mwisho anatapika. Alitapikia bodi.

Namba ilikuwa imeandikwa ubavuni muda wote. Ningeisoma tu.

Mkaaji wa sakafuni hana la kufanya ila kuinuka. Nikavunja taa za sola mbovu, nikapima mawe yake moja moja, nikachagua saba yanayoshika chaji, nikayafunga kwa utepe, nikayalehemu mfululizo. Ni donge baya la kutazama, na halikuingia pale pa betri, nimelilaza pembeni. Lakini ni nane na nukta nne.

Bado swali langu la mwanzo. Jumatatu nikaingia kwenye simu kutafuta. Nikafika mahali ambapo wazee wa Marekani, wengi wao nahisi wamestaafu, wanaulizana habari za treni zao za zamani. Kiingereza changu kinachechemea, lakini picha zinasaidia. Nilistaajabu. Watu wazima, mbali kule, wanaumizwa kichwa na betri ile ile. Nilichokielewa, na baadaye nikakihakikisha kwa mita, ni hiki.

Treni hii ukitaka irudi nyuma, unakata umeme kidogo halafu unaurudisha. Katika ule muda mdogo wa giza, kila kitu ndani kingekufa, pamoja na sauti. Betri ndiyo inayoshika roho hapo. Na ukizima kabisa, betri inaibakisha macho sekunde chache. Ndiyo maana honi ya zamani ilikuwa inafifia polepole. Katika sekunde zile, kuna kidude kidogo ndani kinachoandika mambo yake kabla ya kulala, mfano wa mtu anayefunga duka na kuandika alipoishia. Betri ikiwa mbovu, usingizi unamkuta katikati ya kuandika. Asubuhi akiamka hajui chochote. Wazee wale wanasema treni iliyovurugika hivyo, ukiiwasha inagonga tu mara tatu.

Nikawasha yangu.

Taa ya mbele ikawaka. Nikasogeza sikio.

Ngo. Ngo. Ngo.

Halafu kimya, halafu magurudumu yakasukuma, ikaondoka, ikazunguka duara lake. Nikabonyeza kitufe cha honi. Hakuna. Nikazima, nikangoja, nikawasha. Ngo, ngo, ngo. Kama mgeni mlangoni. Na kwetu hodi ni tatu. Usipoitikiwa, geuka urudi.

Niliwasha na kuzima mara nyingi sana siku ile. Mwanzo kwa kutafuta ufundi. Baadaye kwa sababu sikuwa na pa kwenda nayo. Hila yangu ilikuwa imekufa, maana hata ningemrudishia Bi Raya treni inayotembea, Hamadi angebaki pale pale. Mwenye kuunguza, aliyesamehewa. Mwenye kusamehewa kwa kosa asilolifanya anabaki nalo mpaka kaburini, na hawezi hata kulalamika, kwa sababu kasamehewa.

Jana Jumanne nikapanda vespa yangu kwenda Kengeja. Nilifika maji yananichuruzika mpaka kwenye viatu. Hamadi alikuwa ukumbini anamenya muhogo, mkewe Mwanaisha yuko jikoni.

"Fundi, umepotea njia?"

Nikamwambia nimekuja kusema jambo. Nikalisema. Betri, siku mbili, harufu, dada yake, basi. Nilikuwa nimesimama, hakuniambia nikae.

Akaweka kisu chini. "Sema tena."

Nikasema tena.

"Mwanaisha! Hebu njoo huku. Kombo, sema tena."

Nikasema mara ya tatu, mbele ya mkewe mwenye unga mikononi. Mwanaisha alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi tu ulisema?" Nikasema ndiyo. Akarudi jikoni.

Hamadi akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa hakina maji. "Unajua nini, Kombo? Niliapa mwaka wa kwanza. Nikaapa wa pili. Wa tatu nikaanza kujiuliza, labda kweli? Labda niliichomeka nikasahau? Nimelala nikiitafuta siku ile kichwani, waya niliushika mkono gani. Nilikuwa nshafika kuamini ni mie."

Hilo sikulitegemea. Nilijiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Sikujiandaa kusikia kuwa nimemtia mtu wasiwasi na kumbukumbu yake mwenyewe.

"Na kwa nini hukusema umeharibu?" akaniuliza. Aliuliza hasa, kama mtu anayetaka kujua.

"Niliogopa. Ndiyo kwanza watu wanaanza kuniita fundi."

"Ungesema, dada angekununia wiki moja. Mie namjua. Wiki moja, halafu angekuletea chapati."

Wiki moja. Niliwachukulia miaka sita ili niepuke wiki moja.

Akanipa radhi yake pale pale, kwa maneno machache, huku ameshika tena kisu na muhogo. Kisha akasema, "Lakini asije huku kwenye mvua kunisamehe. Mzee wa watu atateleza kwenye udongo bure. Kesho mapema tumkute kwake. Na uje na chuma chako."

Leo asubuhi tukamkuta Bi Raya anakunja nguo nyeupe juu ya kitanda, baibui kashavaa kwa safari ya Kengeja. Alipomwona Hamadi nyuma yangu alisimama na nguo mkononi. Tukakaa barazani. Nikatandika mkeka, nikaanza kuunga reli kama alivyokuwa akifanya Mzee Shaame, nikachomeka kisanduku, nikachomeka transfoma. Nilitaka niiwashe kwanza. Nilifikiri ikitembea itanisemea.

Hamadi akanishika mkono. "Sema kwanza."

Nikasema, macho kwenye reli. Nikamwambia na habari ya 8.4 na 9, na transfoma iliyokuwa nzima. Nilipomaliza mvua ilikuwa imekatika, unasikia matone ya mwisho kwenye migomba.

Bi Raya hakunitazama. Alimtazama nduguye.

"Kumbe hukuichomeka."

"Nilikwambia."

"Uliniambia." Akavuta ushungi ukamfunika nusu ya uso. "Na mie ndo nilokuwa nije kukusamehe leo."

"Ningepokea, dada. Nilikuwa nshachoka."

Nadhani katika yote hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Alilia kidogo, bila sauti. Akamwomba radhi Hamadi, yeye mkubwa kwa mdogo, akataja na ile harusi, akataja na uji wa malaria alioutuma kwa mkono wa jirani. Hamadi akasema uji ulikuwa hauna sukari vilevile. Wakacheka wote wawili huku wanafuta macho, na mimi nimekaa katikati ya reli sijui niangalie wapi.

Nilikuwa nimeshaona jambo jengine pale. Nimemwendea siku mbili kabla ya safari ya Hija. Katika hali ile hawezi kuniambia hapana, lazima asafishe moyo. Hata toba yangu nimeipigia hesabu ya kupita njia nyepesi, bila kujijua.

Nikasema, "Bi Raya, usinijibu leo."

Akanigeukia mara ya kwanza. "Sasa wataka kunipangia na radhi yangu?"

Hamadi akacheka mpaka akakohoa.

"Washa," Bi Raya akasema.

Nikawasha. Ngo. Ngo. Ngo.

"Nani anagonga?"

"Ndiyo yenyewe. Kumbukumbu yake imevurugika, kwa ile betri."

Treni ikaondoka. Ikapita mbele ya miguu yake, ikazunguka, ikapita tena. Mara ya tatu akasema, "Na honi?"

"Haipo. Nimejaribu. Sijui kama itarudi."

Sijui. Ni mara ya kwanza nalisema neno hilo mbele ya mteja.

Alitazama mizunguko mingine miwili hivi. Halafu akasema polepole, kama anakunja nguo, "Radhi nimekupa, Kombo, kwa sababu naondoka na sitaki mzigo. Hiyo iko kwa Mungu. Lakini ya moyo wangu mie mwenyewe utaipata nikirudi, nikikukuta unaweza kunambia honi ilikwenda wapi. Usinambie imeungua. Niambie ilikwenda wapi."

Nikasema inshaallah.

Nikaanza kukusanya reli niirudishe kwenye boksi. Hamadi akauliza, "Unaipeleka wapi?"

"Karakana."

"Kaburini?" Bi Raya akasema, na hakuomba radhi safari hii.

Shauri likakatwa: treni inakwenda kukaa Kengeja, kwa Hamadi, kwenye kabati lake. Mimi ndiye nitakayeifuata. Nikitaka kuigusa nipande vespa, nikae ukumbini kwake, mbele ya macho yake na ya Mwanaisha, nifungue bisibisi zangu pale. Hamadi akaibeba kifuani mpaka barabarani kungoja gari, kaifunga kwa kanga ya dada yake.

Sasa niko karakana peke yangu na nafasi tupu juu ya rafu. Nafikiri juu ya kile kidude kidogo kilichokuwa kinaandika kabla ya kulala. Honi ilikuwa imeandikwa humo? Au honi iko mahali pengine, nzima kabisa, na kilichopotea ni njia ya kuifikia tu? Kama ni la kwanza, imekwenda. Kama ni la pili, iko mle ndani muda wote huu, gizani, inangoja mtu aache kugonga na kuanza kuuliza. Wale wazee wa Marekani wana la kusema juu ya hilo, nimeliona, sijalielewa. Nitawaandikia. Kiingereza kibovu hakijaua mtu.

Jumapili nakwenda Kengeja na mita yangu, na ndimu. Bi Raya akirudi atanikuta na jibu. Na jibu likiwa bado ni sijui, nitamwambia sijui.